Kimondo kiliumbwa siku ya ngapi?

Kila nikiwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kukiona Kimondo cha Mbozi, mambo mawili hayakosi. Kuna atakayetapika kwenye basi kabla hatujaiacha lami, na kuna atakayeniuliza swali lisilo la fizikia. Safari ya mwisho aliyeuliza alikuwa binti wa mwinjilisti, mtoto mkimya wa dawati la mbele. Wenzake walikuwa wanapigana picha na kukigonga kimondo kwa vijiwe wasikie kinavyolia. Yeye alisimama upande wa bondeni, pale udongo ulipochimbwa kukizunguka hadi kikabaki kimekaa juu ya nguzo, akaniuliza: "Mwalimu, hiki kiliumbwa siku ya ngapi?"

Wenzake wakaangua kicheko, yeye hakucheka. Nami nikatoa jibu la mtu anayewahi basi: "Hilo kamuulize mchungaji wako." Wiki iliyofuata akanifuata ofisini. "Shikamoo mwalimu. Mchungaji amesema hilo nikuulize wewe."

Makala hii ni kulipa deni hilo. Siku tano nafundisha fizikia na Jumapili ni mzee wa kanisa, kwa hiyo sina tena wa kumsukumia swali.

Tuanze na chuma chenyewe. Kimondo kiko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, wilaya ya Mbozi, ambayo siku hizi ni mkoa wa Songwe ingawa sisi wa zamani ulimi bado unatuponyoka tukasema Mbeya. Kina urefu wa kama mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott ndiye aliyekitangaza kwa dunia ya nje mwaka 1930. Wenyeji walikuwa wanakijua tangu zamani. Asilimia 90 yake ni chuma, nane na ushei ni nikeli. Chuma cha Liganga kule Ludewa kimefungwa ndani ya miamba pamoja na oksijeni na titani, kinahitaji tanuru ili kitoke. Hiki kimekuja kikiwa tayari kimeyeyushwa, kwa sababu tanuru lake lilikuwa tumbo la kijisayari kilichoyeyuka, chuma kikazama katikati kwa uzito, kisha kijisayari chenyewe kikapondwapondwa huko angani.

Vimondo vingi vya chuma vikikatwa na kuoshwa kwa asidi huonyesha mistari ya fuwele iliyopishana kama ukili wa mkeka. Mistari hiyo haitokei mpaka chuma kipoe kwa utaratibu mno, kwa kasi inayohesabiwa kwa nyuzijoto kwa kila miaka milioni. Hakuna karakana inayoweza kuiga. Na ukipima zile elementi zinazooza zenyewe ndani ya vimondo, umri unakuja karibu miaka bilioni 4.5, sawa na umri wa Dunia.

Hilo tu lingetosha kumtia mchungaji wasiwasi. Lakini chuma si shahidi peke yake. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, ukipanda Kitulo, ile nyanda ya juu ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, ukakesha hadi usiku wa manane na blanketi mbili, utaona kusini mawingu mawili madogo yasiyosogea na upepo. Si mawingu. Ni galaksi mbili ndogo jirani na yetu. Ile kubwa zaidi iko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000, maana yake nuru inayokimbia kilomita 300,000 kila sekunde imetumia miaka 160,000 kukufikia hapo ulipokaa unatetemeka.

Watu huuliza, na ni haki yao kuuliza: nani alikwenda kupima? Njia ya kwanza ya kupima ni mchezo wa mtoto. Nyosha kidole mbele ya uso, fumba jicho la kushoto, kisha fumba la kulia. Kidole kinaruka mbele ya ukuta. Dunia nayo ina macho mawili: Januari iko upande huu wa Jua, Julai iko upande wa pili, na kati ya hapo na pale ni kilomita kama milioni 300. Nyota iliyo karibu huonekana kuruka kidogo mbele ya zile za mbali. Mruko huo ni mdogo kiasi kwamba wanafalaki waliutafuta wakaukosa mpaka mwaka 1838, Friedrich Bessel alipoupima kwa nyota moja ya kundi la Cygnus. (Naandika wanafalaki, si wanajimu, maana mnajimu kwetu ni yule wa redioni anayekuambia nyota yako ni Mashuke na leo usikope.) Tangu hapo kipimo kimoja kimekuwa ngazi ya kufikia kingine, kila kipya kikikaguliwa kwa vile vya zamani, hadi tukafika kwenye ile hesabu ya miaka bilioni 13.8 tangu ulimwengu uanze kutanuka.

Hapo ndipo upande mmoja wa swali la binti yule ulipo. Upande wa pili umo katika neno ambalo wahubiri wengi hulipita mbio: uvuvio.

Paulo anamwandikia Timotheo kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu. Katika Kigiriki hilo ni neno moja tu, Mungu na pumzi vimeunganishwa. Watu wengi wakilisikia, picha inayowajia ni ya imla: Mungu anasema, Musa anaandika, kama karani wa mahakama. Sijui picha hiyo tuliipata wapi, lakini imekaa vichwani mwetu kuliko mstari wenyewe. Na ukishaikubali, huna pa kutokea. Kama kila sentensi ni maneno ya Mungu akieleza mambo yalivyo, basi sentensi inayosema nchi imewekwa juu ya misingi isitikisike ni tamko la Mungu kuhusu mwendo wa Dunia, na mwalimu wa fizikia ni adui.

Lakini isome barua hiyohiyo, Timotheo wa pili. Sura ya tatu ndiyo yenye pumzi ya Mungu. Sura inayofuata, Paulo anaomba aletewe joho alilolisahau Troa kwa Karpo, na anasisitiza Timotheo afike kabla ya baridi. Sisi wa huku tunaoijua Julai ya Makambako tunamwelewa mzee huyu kabisa. Joho si imla ya Mungu. Ni la mtu anayehisi baridi. Katika Wakorintho wa kwanza anaanza kuwataja aliowabatiza, anakumbuka nyumba ya Stefana, kisha anakiri hajui kama alimbatiza mtu mwingine. Luka anafungua Injili yake akisema amejitafutia habari kwa usahihi, kama mwandishi yeyote. Maandiko yenyewe hayafichi kwamba yameandikwa na watu wenye kumbukumbu, lugha na majoho yao.

Mimi nadhani wafasiri wetu walitupatia neno zuri kuliko tunavyolitumia. Uvuvio unatokana na kuvuvia, na kila aliyelelewa jikoni kwa bibi anajua kuvuvia ni nini: unainama, macho yanatoka machozi, unapuliza kaa hadi moto ushike. Pumzi ni yako, kuni si zako. Kuni za muwati zitawaka kama muwati, za mkaratusi zitawaka kama mkaratusi, na ukivuvia mabua yatawaka kama mabua. Hakuna anayeuliza kama moto ule ni wa pumzi au wa kuni. Mwandishi wa Zaburi aliyeona anga kama hema aliwaka akiwa na anga lake la hema. Pumzi haikumgeuza kuwa mwanafalaki.

Hapa kuna mfano ninaoupenda kuliko yote, na umo ndani ya Biblia zetu wenyewe, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi tumelelewa nayo. Katika Ayubu 38, Mungu anamhoji Ayubu: "Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia?" Kiebrania pale pana neno Kima, ambalo wataalamu wengi wanadhani linamaanisha fungu au kikundi. Wafasiri wangeweza kuliacha lilivyo, kama walivyoliacha jina la Orioni katika mstari uleule. Hawakuliacha. Waliandika Kilimia, jina ambalo mkulima wetu anakiita kishada kile cha nyota, lililotoka kwenye kulima, lenye methali yake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huku kwetu kwenye msimu mmoja wa mvua, nusu ya pili ndiyo inayotimia: kinapotelea kwenye machweo mvua zikiwa ukingoni, mwanzoni mwa Mei, na Juni kinaonekana tena kabla ya alfajiri, kiangazi kimeingia na baridi imeshika.

Sasa tafakari kilichotendeka. Ayubu hakuwahi kulima mahindi Uyole. Kima si kalenda ya Mswahili. Hata hivyo hakuna anayesema wafasiri walidanganya. Walimwambia msomaji kwa nyota anayoijua. Ni jambo lilelile lililotendeka Wamoravian na Walutheri walipofika Unyakyusa mwaka 1891 wakakuta jina Kyala, wakalitumia kumtaja Mungu wa Biblia. Kwa Wahehe likawa Nguluvi. Jina lilikuwa na historia yake kabla ya hapo, nao walilichukua likiwa na vumbi lake. Kilimia cha wanafalaki ni kundi la nyota zaidi ya elfu, changa kwa hesabu zao, lina miaka kama milioni 100 hivi, na nuru yake inatumia miaka kama 440 kutufikia. Kilimia cha methali ni kengele ya shamba. Ni nyota zilezile.

Tafsiri ilimfanyia Ayubu kile ambacho, kwa maoni yangu, uvuvio uliifanyia mbingu.

Tuone sasa sura ya kwanza ya Mwanzo, maana huko ndiko binti alikoniswaga. Siku ya pili Mungu anafanya anga likayatenge maji na maji. Neno la Kiebrania ni rakia, na mzizi wake ni kugonga kitu hadi kitandae. Nenda kwa mafundi wa majiko pale Sido, Mwanjelwa, usikilize nyundo juu ya bati: huo ndio mlio wa neno rakia. Ayubu 37 inazilinganisha mbingu na kioo cha madini yaliyoyeyushwa. Waliotafsiri kwa Kilatini wakaandika firmamentum, kitu imara. Watu wa kale wa Mashariki ya Kati waliona kuba gumu, juu yake maji ya buluu, ndani yake madirisha ya mvua. Mwandishi wa Mwanzo aliongea na watu hao kwa ramani hiyo. "Anga" la Kiswahili limelainisha nyundo ile, ndiyo maana sisi hatushtuki tukisoma.

Kwa hiyo anayesema Biblia haina picha ya kale ya ulimwengu hajaisoma kwa makini. Picha ipo. Swali ni kama sura inafundisha picha hiyo au inafundisha kitu kingine kwa kuitumia. Jibu liko siku ya nne. Mungu anafanya mianga miwili mikubwa, ulio mkubwa utawale mchana, ulio mdogo utawale usiku. Kwa nini hawaiti Jua na Mwezi? Majina hayakukosekana. Yalikuwepo, na yalikuwa majina ya miungu ya majirani. Shemeshi, yaani Jua, alikuwa na madhabahu, Mwezi ulikuwa na makuhani. Mwandishi anawavua vyeo. Mmoja ni taa kubwa, mwingine taa ndogo. Halafu zinakuja nyota, zile ambazo Babeli nzima iliziinamia na kuzisoma kama barua ya mfalme, nazo zinapata maneno matatu tu: "na nyota pia". Kama vile bibi harusi ametajwa, wazazi wametajwa, na wapishi pia.

Nikisoma hivyo, siku ya kimondo inapotea yenyewe. Orodha ile haikukusudiwa kuwa leja ya stoo. Hata watu wa kale waliona kwamba siku tatu za kwanza zina jioni na asubuhi bila jua. Origeni, mwalimu wa kanisa la kale, aliliuliza hilo waziwazi katika karne ya tatu, miaka zaidi ya 1,300 kabla ya darubini, na hakuwa anamfurahisha mwanasayansi yeyote. Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya Mwanzo na ndani yake akawaonya Wakristo wanaoropoka kuhusu nyota mbele ya watu wanaozijua: mkishakosea kwenye mambo wanayoyaona kwa macho, watawaaminije kuhusu ufufuo? Calvin, yule mwanamatengenezo wa kanisa, katika ufafanuzi wake wa Mwanzo wa mwaka 1554, alikabiliana na mianga miwili mikubwa moja kwa moja. Wanafalaki, alisema, wameonyesha kwamba sayari ya Zohali ni kubwa kuliko Mwezi. Hakuwapinga. Alisema Musa aliandika kwa ajili ya watu wa kawaida kwa jinsi wanavyoona, na anayetaka kujifunza elimu ya nyota aende kwingine. Napenda sana hilo "aende kwingine". Binti yule tulimwambia hivyohivyo mimi na mchungaji wake, ila sisi hatukuwa na hekima ya Calvin, tulikuwa na woga.

Kesi ya Galileo kila mtu anaijua nusu. Mwaka 1610 alitangaza miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii, mwaka 1616 Roma ikakataza fundisho la Copernicus kwamba Dunia ndiyo inayolizunguka Jua, mwaka 1633 akahukumiwa. Nusu isiyosimuliwa ni barua yake ya mwaka 1615 kwa Christina wa Lorraine, ambamo anarudia usemi wa kiongozi mmoja mkubwa wa kanisa kwamba Roho Mtakatifu anatufundisha namna ya kwenda mbinguni, si namna mbingu zinavyokwenda. Safi. Lakini mwishoni mwa barua hiyohiyo akateleza: akaanza kuonyesha kwamba Yoshua aliyelisimamisha jua juu ya Gibeoni anaafikiana na Copernicus vizuri zaidi kuliko na wapinzani wake. Yaani hata yeye hakujizuia kutafuta nyota zake ndani ya aya. Katoliki walichukua muda. Papa Leo wa 13, aliyeanzisha upya kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota mwaka 1891, aliandika mwaka 1893 kwamba waandishi watakatifu hawakukusudia kufundisha undani wa vitu vya asili bali walisema kama macho yanavyoona. Mtaguso wa pili wa Vatikani mwaka 1965 ukasema Maandiko yanafundisha bila kosa ile kweli ambayo Mungu alitaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Na hata wainjili wa Marekani waliotia saini tamko la Chicago la mwaka 1978, watu wasiokubali kosa lolote katika Biblia, waliandika kwamba kueleza asili kama inavyoonekana kwa macho hakuhesabiki kuwa kosa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza saa ya machweo kila siku na hakuna aliyewahi kuishitaki kwa kufundisha kwamba Jua linatembea.

Sasa zipo njia mbili za mkato, na nimeziona zote mbili Mbeya hii hii, nyingine kwenye mimbari, nyingine kwenye simu.

Ya kwanza inasema Mungu aliumba nuru ikiwa tayari njiani, ndiyo maana tunaona nyota za mbali ingawa ulimwengu una miaka 6,000. (Hesabu hiyo iliwekewa hadi tarehe na Askofu Mkuu James Ussher mwaka 1650: Oktoba 23, mwaka 4004 kabla ya Kristo.) Mwenye mamlaka yote anaweza, nani abishe? Lakini rudi kwenye lile wingu la kusini. Februari 1987 nyota moja ndani yake ilionekana ikilipuka, kwa macho matupu, na saa chache kabla ya nuru yake mitambo ilinasa chembe za nyutrino zilizotoka kwenye mlipuko uleule. Kama nuru ile iliumbwa njiani, basi hakuna nyota iliyolipuka. Mungu alituma picha ya msiba usiotokea, tena na vumbi lake na chembe zake, ziwasili kwa mpangilio ambao ungekuwepo kama kweli ungetokea. Fizikia haiwezi kukanusha hilo. Mimi kama mzee wa kanisa ndiye ninayeshindwa kulimeza, kwa sababu Zaburi ya 19 inasema mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na mhubiri anayesimulia yasiyotokea tunamjua jina lake.

Njia ya pili ni ya upande wa pili kabisa. Ni ule ujumbe wa WhatsApp usiokufa: kompyuta za NASA zimegundua siku iliyopotea, saa 23 na dakika 20 ni za Yoshua, dakika 40 zilizobaki ni za kivuli cha Hezekia. Ni hadithi tu, ina miongo mingi, na haiwezekani hata kwa hesabu. Ili ujue siku imepotea unahitaji kujua sayari zilikuwa wapi kabla, kwa shahidi mwingine asiye hesabu yako. Kurudisha hesabu nyuma kutoka leo hakuwezi kukuonyesha pengo, kama vile kuhesabu kurasa kutoka mwisho wa daftari hakukuonyeshi ukurasa uliochanwa kabla hujalinunua. Ndugu yake wa heshima zaidi ni anayesema Ayubu 26 ilijua nguvu ya uvutano kwa sababu imesema Mungu ameutundika ulimwengu pasipo kitu. Sura hiyohiyo, mistari michache mbele, inataja nguzo za mbingu zinazotetemeka. Hizo haziwekwi kwenye ujumbe. Majirani zetu Waislamu wana mjadala unaofanana, wako wanaouona Mlipuko Mkuu, ile nadharia ya mwanzo wa ulimwengu, katika Surat al-Anbiyaa na wako wanaoona hiyo ni kukifanyia Kitabu biashara.

Aliyewahi kulishughulikia hili kwa heshima ni padre. Georges Lemaître wa Ubelgiji ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, miaka miwili kabla ya mwanafalaki Hubble kuchapisha vipimo vyake, na mwaka 1931 akapendekeza ulianza kama chembe moja ya awali. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alihutubia wanasayansi akaifananisha nadharia hiyo na "Iwe nuru". Ungedhani padre angeshangilia. Hakufurahi. Alijua nadharia inaweza kubadilika kesho, na imani iliyotundikwa juu yake itaanguka nayo. Alitaka nadharia yake iachwe nje ya mambo ya dini, ipimwe kwa vipimo. Vipimo vilikuja: ule mwangwi wa joto la mwanzo uligunduliwa mwaka 1964, na habari ilimfikia akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa mwaka 1966.

Upatanisho, basi, upo, lakini una bei yake na sipendi wanaouuza bure. Anayekubali kwamba Mungu alisema kwa Kilimia cha msikilizaji amekubali kwamba hawezi tena kufungua Mwanzo kutafuta umri wa mwamba, wala kufungua darubini kutafuta uthibitisho wa Mungu. Na mchungaji wangu, tulipokaa hatimaye kulizungumza, alinibana mahali penyewe. "Mzee mwenzangu, leo umeniambia kuba la mbingu ni lugha ya watu wa kale. Kesho utaniambia na kaburi tupu ni lugha ya watu wa kale. Unasimama wapi?"

Swali zuri. Nilimjibu nilichonacho. Hakuna mwandishi wa Biblia anayeweka imani yake rehani juu ya ugumu wa anga. Analitaja kama unavyotaja dari ya chumba unachoongelea. Paulo anaweka rehani juu ya ufufuo, na anasema wazi katika Wakorintho wa kwanza sura ya 15 kwamba kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure, kisha anataja mashahidi, wengi wao wakiwa bado hai. Andiko lenyewe linakuonyesha lilipoweka mzigo wake. Mchungaji hakusema nimemshinda. Alisema atalifikiria, akaagiza chai nyingine.

Binti naye nilimjibu. Nilimwambia kimondo hakina siku yake, kwa sababu sura ile ilikuwa na kazi ya kuwashusha miungu ya watu, si kuhesabu mawe. Nikamwambia umri wake ni karibu miaka bilioni 4.5 na nikamchorea ile mistari ya ukili ubaoni. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga daftari.

"Sawa mwalimu. Lakini kwenye mtihani wa Maarifa ya Biblia wakiuliza nyota ziliumbwa lini, niandike nini?"

"Siku ya nne."

"Na kwenye fizikia?"

"Fizikia watakuuliza chuma kinapoaje."

Mwisho wa Juni tunapanda Kitulo, saa kumi na moja alfajiri, kukiona Kilimia kinavyozuka kwa jua. Basi lina nafasi moja imebaki na mchungaji ameiomba. Nimemwambia aje na joho.